Bibi wa Ngong na Mvua ya Maneno

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo nataka kumzungumza mgeni mmoja aliyeingia nchini kwetu kwa bandari ya Mombasa mwaka 1914, akakaa kiasi cha miaka 17, akaondoka mikono mitupu, kisha akaandika kitabu kilichoifanya milima ya Ngong ijulikane dunia nzima. Mgeni huyo ni Bibi Karen Blixen, mwandishi wa Denmark. Wengi wanamjua kwa ile sinema iliyotengenezwa mwaka 1985. Mimi nataka kumweleza kwa njia nyingine, nayo ni sikio lake. Kwani bibi huyu alikuwa na deni dogo kwetu sisi watu wa mashairi, ijapokuwa mwenyewe hakulijua, na nadhani wakati umefika wa kulihesabu deni hilo kwa wema.

INSHA YA MJUKUU

Mimi ni mzaliwa wa Kibokoni, Mombasa, lakini kazi na umri vimenileta bara. Naishi Kinoo, kando ya barabara kuu itokayo Nairobi kwendea Nakuru. Kwetu pwani kinoo ni jiwe la kunolea visu, na kwa hakika mtaa huu umeninoa mimi pia, maana humu ndimo nilimojifunza kuwasikiliza watu wasiozungumza kama mimi. Siku ambayo mbingu zimetakata, nikipanda juu ya nyumba ya mwanangu, naiona milima ya Ngong imejipanga kama vifundo vya ngumi.

Binti wa jirani yangu, msichana wa shule ya sekondari, hunijia jioni nikamfundisha ushairi. Huniita babu, nami humwita mjukuu wangu. Jioni moja alikuja na insha yake. Humo alikuwa ameandika kwamba watu wa nchi hii hawakuwa na ushairi kabla ya kuja shule za Wazungu. Wasomaji wapenzi, nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba babake hakuwa na jina. Sikumkemea. Nilimwuliza tu habari hiyo ameitoa wapi, naye akanitolea kitabu cha Bibi Blixen kuhusu shamba lake la Ngong, akanisomea.

Kisa chenyewe ni kifupi. Jioni moja bibi yumo shambani, vijana wanavuna mahindi na kuyatupa katika magari ya ng'ombe. Kwa kujifurahisha akaanza kuwatolea maneno ya Kiswahili yenye vina. Hayakuwa na maana yoyote, aliyatunga kwa ajili ya vina tu. Vijana wakamzunguka, wakawa wanakingojea kina, na kikifika wanacheka. Akawataka wao wenyewe wammalizie beti, lakini wakageuza nyuso zao wasiseme kitu. Baadaye, walipokwisha kuzoea, wakawa wanamwomba aendelee, na wakayafananisha maneno yale na mvua. Bibi ameandika kwamba hakujua kwa nini walichagua mvua, ila alidhani ni namna ya kusifu, kwa kuwa katika Afrika mvua hutamaniwa siku zote. Na kabla ya kukisimulia kisa hiki alitanguliza hukumu kwamba wenyeji wana sikio zuri la mapigo, lakini mashairi hawakuyajua, angalau si kabla ya zama za shule.

Hukumu hiyo ndiyo iliyoingia katika insha ya mjukuu wangu. Nikaona si haki kumjibu mtu kabla ya kumjua. Kwa hiyo kwa wiki kadhaa mimi na binti yule tulimsoma bibi huyu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

MTOTO WA RUNGSTED

Karen Dinesen alizaliwa tarehe 17 Aprili 1885 katika nyumba iitwayo Rungstedlund, ufukoni mwa bahari, kaskazini ya mji wa Copenhagen. Nyumba hiyo ina historia ya ushairi. Zamani ilikuwa nyumba ya wageni, na katika miaka ya 1770 aliishi hapo Johannes Ewald, mmoja wa malenga wakubwa wa Denmark. Baba yake Karen, Wilhelm Dinesen, alikuwa askari na mwandishi. Alimpenda sana binti huyu na akimchukua kutembea naye. Mwaka 1895, kabla mtoto hajatimiza miaka 10, baba huyo alijiua. Msiba huo haukumtoka Karen maisha yake yote.

Alisomea uchoraji, akajaribu hadithi chache, na mwaka 1907 akachapisha ya kwanza kwa jina la kupanga. Hazikuvuma. Kisha akachumbiwa na Bror Blixen, kabaila wa Uswidi, na kwa fedha za jamaa wakakata shauri kuja Afrika ya Mashariki kulima.

NDOA YA MOMBASA

Meli yake ilipopita Aden, alipokewa na Msomali mmoja aliyetumwa na mchumba wake. Huyo ndiye Farah Aden, Mwislamu, ambaye tangu siku hiyo akawa msimamizi wa nyumba yake, mshika hesabu yake na mshauri wake hadi mwisho. Tarehe 14 Januari 1914, Karen na Bror walifunga ndoa mjini Mombasa, kisha wakapanda gari moshi kwenda Nairobi.

Shamba lao lilikuwa chini ya milima ya Ngong, ekari kama 6,000, na katika hizo kama 600 zilikuwa za kahawa. Mahali penyewe palikuwa juu mno kwa zao hilo. Baridi na ukame viliikausha mibuni, na deni la kampuni likawa linakua badala ya kahawa. Tusisahau pia kwamba ardhi ile ilikuwa imetwaliwa na serikali ya kikoloni na kugawiwa walowezi. Wakikuyu walioishi humo waliitwa maskwota, na sharti lao lilikuwa kumfanyia mwenye shamba kazi siku 180 kwa mwaka ili waruhusiwe kulima vipande vyao. Bibi aliwapenda na wao walimjia kwa mashauri na maradhi. Kamante, kijana mwenye vidonda miguuni, alipelekwa na yeye kwa Waskoti wa misheni, akatibiwa miezi mitatu akapona, na baadaye akawa mpishi hodari. Lakini mapenzi hayo yalikaa juu ya ardhi iliyochukuliwa, na msomaji mwadilifu hulitia jambo hilo katika mizani.

Ndoa haikudumu. Katika mwaka wa kwanza tu Karen aliugua ugonjwa mzito ulioletwa na mumewe, na mwaka 1915 akarudi Denmark kutibiwa. Hapo, akiwa amelala katika hospitali ya Copenhagen, alitunga kwa Kidenmaki shairi la kuitamani Afrika, akalipa jina la Kilatini, Ex Africa, yaani Kutoka Afrika. Lilichapishwa mwaka 1925 katika jarida la Tilskueren la nchini kwao. Mwaka huo huo wa 1925 ndipo talaka yake na Bror ilipokamilika. Basi msomaji aone: kabla hajawa mwandishi wa hadithi za kusifika, mwanamke huyu alikuwa mtunzi wa beti, na huzuni yake ya kwanza juu ya nchi yetu aliitia katika shairi. Mtu wa namna hiyo asemapo kwamba fulani hawana ushairi, inafaa kuuliza: yeye ushairi aliujua kwa kipimo gani?

KIPIMO CHA WADENMAKI

Jibu nililipata kwa bahati. Jumamosi moja nilimchukua mjukuu wangu, tukapanda matatu mbili kutoka Kinoo hadi Karen, tukaenda kuiona nyumba ya bibi. Serikali ya Denmark iliinunua ikaitoa zawadi kwa Kenya wakati wa uhuru, na tangu mwaka 1986 ni jumba la makumbusho. Tulipokuwa tumekaa bustanini alikuja bibi mmoja wa Kidenmaki, mwalimu aliyestaafu, akaketi nasi. Tukazungumza kwa Kiingereza changu cha bandarini. Nilimwomba atusomee shairi lolote la kwao, la zamani, ambalo kila mtoto wa kwao hulisikia. Hakusita. Alifumba macho, akaanza, huku akigonga ardhi kwa fimbo yake.

Shairi lenyewe huitwa Elverskud. Ni utungo wa kale usio na mtunzi anayejulikana. Kabla ya kuandikwa uliimbwa na watu waliocheza wameshikana mikono kwa safu ndefu. Bwana Oluf ametoka kwa farasi kwenda kualika watu harusini kwake. Njiani usiku anawakuta majini wa kike wa msituni wanacheza. Mmoja wao, binti wa mfalme wao, anamtaka acheze naye na anamwahidi zawadi za thamani. Oluf anakataa, kwa kuwa kesho ndiyo siku ya harusi yake. Yule jini anampiga pigo la kifo. Oluf anarudi nyumbani amegeuka rangi, mama yake anamwuliza kimempata nini. Asubuhi bibi harusi anafika na watu wake, anamtafuta bwana arusi, anaifunua nguo nyekundu, na chini yake amelala maiti. Hata utungo ukiisha, maiti ni tatu: Oluf, mchumba wake na mama yake.

Sisi watu wa pwani hatuhitaji kufafanuliwa habari za majini. Lakini mimi nilikuwa nahesabu. Mwalimu wangu wa utotoni alinizoesha kuhesabu mizani kwa vidole, na mkono wangu wenyewe huanza kazi nikisikia beti. Basi nikahesabu, na hesabu ikanitoroka. Mshororo mmoja ulikuwa na mizani kama nane, wa pili zikazidi, wa tatu zikapungua. Nikataka kusema moyoni kwamba shairi hili limevunjika. Ndipo mjukuu wangu akaninong'oneza kwamba nisihesabu mizani, nihesabu fimbo. Nikasikiliza fimbo. Ilikuwa inagonga mara nne, mara nne, mara nne, wala haikukosea.

Hapo ndipo nilipofahamu. Katika Kidenmaki kila neno lina silabi moja inayobeba mzigo, aghalabu ile ya mwanzo wa shina, na silabi nyingine humezwa karibu na kupotea. Malenga wao wa kale hawakuhesabu silabi zote, walihesabu zile zenye mzigo tu. Katikati ya pigo na pigo unaweza kutia silabi moja au mbili, shairi halidhuriki. Ni kama mpiga ngoma anayeshika pigo kubwa, na vidole vyake vikajaza nafasi apendavyo.

Sauti nazo zilinishangaza. Lugha hiyo ina irabu nyingi kuliko tano zetu, na nyingine hutamkwa midomo ikiwa imeviringwa kama mtu anayetaka kupiga mluzi. Wana d moja laini ambayo ni kama dh ya dhahabu iliyotiwa maji. Tena wana mkato mdogo wa koo katikati ya neno, ambao kwa sikio la mtu aliyepita chuoni ni kama hamza iliyomezwa nusu. Mkato huo si pambo. Neno lao la kumtaja mwanamke, hun, na neno lao la mbwa, hund, hutofautishwa na mkato huo, kwani ile d ya mwisho haitamkwi. Bibi yule alipokuwa akisoma nilisikia shairi likikwama na kuachia, likikwama na kuachia, kama maji yanayopita kwenye mawe.

Lakini kilichonigusa zaidi ni kiitikio. Baada ya kila mishororo miwili huja maneno yale yale, yanayotaja jinsi mchezo unavyopita kwa wepesi msituni. Mara ya kwanza nilitabasamu, kwa kuwa harusi iko karibu na ngoma ni ya furaha. Jini alipokwisha kumpiga Oluf, maneno ni yale yale, lakini sasa yakanitia ubaridi. Na mwisho, palipokuwa na maiti tatu ndani ya nyumba, kiitikio kikaja tena na wepesi wake, nikaona kwamba ngoma ile haikumjali mtu. Hakuna hata herufi moja iliyobadilika. Kilichobadilika ni sisi tuliokuwa tukisikiliza. Wasomaji wangu wanaojua kibwagizo kazi yake watakubali kwamba hapo Mdenmaki na Mswahili wamekunywa kisima kimoja.

VINA VYETU NA VYAO

Tuliporudi Kinoo tuliketi tukayaweka mambo ubavu kwa ubavu. Kwetu shairi la tarbia lina mishororo minne, kila mshororo mizani 16, nane upande huu na nane upande ule, na kina cha kati na cha mwisho. Utenzi una mizani nane kwa kila kipande. Silabi zetu zote zina haki sawa katika hesabu, na hata m ya mtoto huhesabiwa mizani yake. Kwa Wadenmaki silabi si sawa, iko bwana na iko mtumwa.

Kina nacho ni hivyo hivyo. Sisi mkazo wetu uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini kina chetu ni ile ya mwisho isiyo na mkazo. Nyumba na shamba kwetu ni kina kamili, kwa kuwa zote mbili zinaishia mba. Sikio la Kidenmaki halitatosheka na hayo. Kwao kina huanzia pale penye mkazo hadi mwisho wa neno, kwa hiyo shamba lingetaka mwamba, si nyumba. Basi Bibi Blixen alipowatungia vijana wa mahindi vina vya Kiswahili, alikuwa amevaa sikio la nyumbani kwao, na lugha aliyoitumia ilikuwa Kiswahili cha mashambani, ambacho sisi hukiita cha kisetla. Si kosa. Kila mtu huimba kwa koo aliyopewa.

Kosa liko kwingine. Alidhani kwamba pasipo na vina vya mwisho hapana ushairi. Na ajabu ni kwamba jibu lilikuwa nyumbani mwake, likimletea chai. Wasomali ni taifa la washairi. Wakati bibi anafika Ngong, Sayyid Mohammed Abdulle Hassan alikuwa bado hai, akipigana na Waingereza kwa bunduki na kwa mashairi, hadi alipokufa mwaka 1920. Mashairi ya Kisomali hayafungwi kwa vina vya mwisho. Hufungwa mwanzoni: mtunzi huchagua herufi moja, na herufi hiyo lazima ianze neno katika kila kipande tangu mwanzo hadi mwisho wa utungo, hata uwe mrefu namna gani. Na irabu zote huhesabiwa kama herufi moja. Sasa sikiliza ajabu ya pili: wazee wa kale wa Denmark na jirani zao wa kaskazini, kabla ya kujifunza vina vya mwisho, walitunga kwa kanuni iliyo ndugu ya hiyo, maneno kufungwa kwa herufi za mwanzo, na irabu zote kuhesabiwa ndugu. Bibi na Farah walikuwa na urithi uliokaribiana mno, wakakaa nyumba moja miaka 17.

Na wale vijana wa mahindi waliogeuza nyuso? Wakikuyu walikuwa na utungo wao uitwao gĩcaandĩ. Ni mashairi ya mafumbo, watunzi wawili wakishindana, mkononi kibuyu chenye mbegu kinachotikiswa, na juu ya kibuyu zimechorwa alama za kukumbushia beti. Kipimo cha utungo huo si kina, ni fumbo na pigo la kibuyu. Tena haukuwa mchezo wa kila mtu, ulikuwa wa watu waliofundishwa. Sasa kijana wa shambani, mbele ya mwenye shamba, ataitwaje kumalizia beti kwa lugha ya mgeni na kwa kanuni asiyopewa? Mimi nasema kule kugeuza uso kulikuwa adabu, hakukuwa ujinga.

Ama sisi wa pwani tulikuwa mbali kidogo, lakini si mbali sana kwa gari moshi. Utenzi wa Tambuka uliandikwa mwaka 1728. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, aliitoa tungo mikononi mwa wanavyuoni akaitia sokoni, mabarazani na vitani, akiwatetea Mazrui walipokuwa wakipambana na Sayyid Said. Mwana Kupona aliandika utenzi wake mwaka 1858. Na rafiki mpenzi wa Bibi Blixen, Mwingereza Denys Finch Hatton, alikuwa na nyumba Takaungu, mji ambao Mazrui wenyewe waliuhamia baada ya kushindwa Mombasa mwaka 1837. Bibi aliwahi kufika huko na kulala, akaandika uzuri wa bahari na magofu. Alilala juu ya ardhi ya watu walioimbwa na Muyaka, asijue kwamba chini ya magofu yale kuna beti.

KUONDOKA

Mwaka 1931 mambo yote yalimwangukia kwa pamoja. Kampuni ilifilisika, shamba likauzwa kwa mtu aliyetaka kulikata viwanja. Tarehe 14 Mei ndege ya Finch Hatton ilianguka Voi, akafa, akazikwa juu ya milima ya Ngong. Katika miezi ile ya msiba bibi alifanya jambo moja ambalo Kinoo na jirani zake hatuna budi kulikumbuka. Maskwota wake walikuwa wafukuzwe na kutawanywa. Alikwenda ofisi hata ofisi akiomba wapewe mahali pamoja wakae pamoja, na mwisho wakakubaliwa sehemu ya msitu wa Dagoretti. Alielewa kwamba ukiwatenganisha watu, umewanyang'anya na wale wanaowakumbuka. Kwa hilo tumsifu, hata kama ardhi haikuwa yake kuwapa wala kuwanyima.

Farah alimsindikiza katika siku zile za mwisho, wakaagana. Alirudi Rungstedlund kwa mama yake, umri wake miaka 46, hana mume, hana shamba, hana fedha. Hapo ndipo alipokaa kuandika. Mwaka 1934 ilitoka Marekani kwa Kiingereza diwani yake ya hadithi saba, na jina aliloliweka juu ya kitabu ni Isak Dinesen. Isak ni Nabii Is-haka wetu, na katika Kiebrania maana ya jina hilo ni mwenye kucheka. Tunakumbuka sote kwamba mkewe Nabii Ibrahimu alicheka alipobashiriwa mtoto uzeeni. Nadhani bibi huyu naye aliona kwamba vitabu vyake ni watoto waliokuja wakati watu wamekwisha kukata tamaa.

Mwaka 1937 kikatoka kitabu cha Ngong. Alikiandika kwa Kiingereza na kwa Kidenmaki, hakumwachia mfasiri, kwa kuwa aliamini kwamba kila lugha ina pumzi yake. Mwaka 1960 alirudia tena habari za Farah na wenzake katika kitabu kidogo cha mwisho. Alifariki tarehe 7 Septemba 1962, mwaka mmoja na ushei kabla ya uhuru wetu, akazikwa chini ya mti mkubwa katika bustani ya nyumba aliyozaliwa.

KWA NINI MVUA

Insha ya mjukuu wangu iliandikwa upya. Hakumtukana bibi, wala mimi nisingemruhusu. Aliandika kwamba mgeni huyo alisikia vizuri na akahukumu vibaya, na akataja Muyaka, gĩcaandĩ na Wasomali. Mwishoni aliacha nafasi tupu. Aliniambia kuna swali moja bado hajalijibu, lile ambalo hata bibi mwenyewe hakulijibu: kwa nini vijana walichagua mvua?

Tulikaa na swali hilo mpaka masika. Usiku mmoja mvua ilishuka Kinoo kwa nguvu, na nyumba nyingi za kwetu huku ni za mabati. Stima ilikuwa imekatika. Binti yule na mamaye walikuwa wamekuja kwetu, tumekaa gizani hatusikiani kwa kishindo. Kisha mvua ikapungua, ikawa matone, tukaanza kuyasikia moja moja. Niliona mkono wake unagonga juu ya goti, kama ile fimbo ya bustanini. Alinisogelea akaniambia kwamba mvua haina vina.

Ni kweli, wasomaji wapenzi. Mvua haina kina cha kati wala cha mwisho. Mvua ina pigo, nafasi, na pigo, na kati yake matone madogo yasiyohesabika. Bibi Blixen aliwapa vijana wale vina, akadhani ni vina tu walivyovipokea, kwa kuwa kila kina kilipofika walicheka. Lakini walipotaka kukiita kile kitu kwa jina, walikiita kwa pigo lake. Walisikia chini ya Kiswahili chake kibovu ile fimbo ya Kidenmaki ikigonga, ngoma ya kwao bibi, ambayo pengine hata yeye hakujua kwamba ameibeba hadi Ngong. Watu walioambiwa hawana ushairi walikuwa wameupima ushairi wa mgeni na kuutambua asili yake, bila ya kufundishwa, jioni moja, mikono ikiwa imejaa mahindi.

Binti aliwasha mshumaa akaijaza ile nafasi tupu. Mimi nilibaki nikiyasikiliza mabati.